Mkurugenzi Nyuma ya Ukuta

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, mwaka juzi, saa tisa na robo alasiri. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amenituma Igogo kupeleka suruali ya mteja aliyenenepa. Nilipopita kwenye ukumbi wa bluu ulioegemea mawe makubwa, nikasikia mwanamke anafundisha. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye darasa lililojaa. Nikachungulia dirishani. Niliona viti vya plastiki vimepangwa nusu duara, na hakuna hata mtu mmoja aliyekaa.

"Kwa hiyo katibu si mtu wa kuandika tu," alikuwa anaviambia viti. Akageuka. "Wewe wa dirishani, unakubali au unapinga?"

Mimi ni mtu wa aibu. Nikiulizwa swali darasani, machozi hutangulia jibu. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Sikuuliza hilo."

Wanafunzi wake walikuwa viongozi wa kwaya moja ya akina mama. Walifika baadaye wakicheka na kupangusa vumbi miguuni, wakakuta somo limefika katikati. Hakurudia. Alisema muziki hauanzi upya kwa sababu mpiga gita alikuwa anamalizia chai. Nilibaki pale dirishani na suruali ya watu mkononi mpaka mwisho, na nyumbani nikagombezwa.

Watu wote wa Igogo walimwita Mkurugenzi. Vijana wa bodaboda, wauza dagaa, hata katekista. Kwa nje ungefikiri wanamtania, kwa sababu alichokiongoza ni ukumbi wa kupanga, kabati moja na matarumbeta ambayo mengine yamepigwa bati. Lakini hakuna aliyecheka akilitamka. Jina lake nalijua, ila siandiki. Aliwahi kuniambia jina lake lina kazi nyingine, nimwite kwa kazi aliyonayo.

Sasa ameondoka Mwanza. Amekwenda Bukoba kukaa na dada yake. Nataka kumwandika kabla sauti yake haijachanganyika kichwani na za walimu wengine. Na nataka kuandika kuhusu bendi ya vijana ya ukumbini pale, niliyojiunga nayo baadaye, kwa sababu alituambia wazi: tukishindwa kukaa kikao kimoja bila yeye, vyombo vinakwenda kwa vijana wa Sengerema, ambao walishaviomba. Hakuwa mtu wa kutishia. Akisema mvua, unaanua nguo.

Kilichonisumbua siku zote ni hiki. Ukutani mwa ukumbi kulikuwa na picha ya msichana amevimbisha mashavu, tarumbeta limeelekezwa juu kama anataka kuangusha embe. Chini ya picha alikaa mama wa miwani ya kamba, anasema "muhtasari", "akidi", "bodi". Nilishindwa kuamini kwamba ni mtu mmoja. Nani anaacha kupiga tarumbeta aende kufundisha vikao?

Historia yake niliiokota vipande vipande, na sijui kama nimeipanga sawa. Alikuwa kwenye bendi ya dansi, mwanamke pekee ambaye hakuimba. Baadaye akawa ofisini Dar es Salaam, anawatafutia wasanii kazi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anasoma mikataba mpaka ukurasa wa mwisho. Akaenda nje kusomea uongozi wa sanaa, mahali ambapo, kwa maneno yake, "hata chai inavaa sweta". Halafu miaka mingi akawa anazunguka Arusha, Nairobi, Kampala, anawafundisha viongozi wa asasi zisizo za faida: bodi ikaeje, mkutano uendeshweje, na zaidi ya yote, kiongozi aondokeje bila nyumba kuungua.

Somo hilo la kuondoka ndilo alilolipenda. Siku moja Masanja, mpiga tromboni wetu, ambaye haogopi kuuliza kitu, akamwuliza kwa nini.

"Ile bendi yangu ilikuwa na kiongozi mzuri sana," akasema. "Mzuri kuliko mimi. Vyombo vyote vililala chumbani kwake, ufunguo mfukoni kwake, mikataba kichwani kwake. Alipofariki, ndugu zake wakaja, wakachukua vyote. Sisi tukasema hili tarumbeta ni langu. Wakasema lete ushahidi. Nyimbo zetu zilikuwa zinapigwa redioni, na bendi ilikuwa imekufa kabla ya arobaini."

"Kwa kukosa tarumbeta?"

"Kwa kukosa kikao, Masanja. Nyimbo tulikuwa nazo."

Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kuwaona wale wanawake wawili, wa pichani na wa kitini, kama mtu mmoja.

Vikao vyake vilikuwa na mwendo wake. Alivaa pete pana ya fedha, na mtu akisimama kuongea, yeye aligonga meza taratibu kwa pete ile. Kila mzungumzaji alikuwa na mapigo kumi na sita. Ukizidisha, anakuangalia juu ya miwani: "Umemaliza mapigo yako." Nimemwona diwani mzima akikaa chini katikati ya sentensi. Wageni walinuna, lakini wiki ya pili walikuwa wameshajifunza kulifikisha neno lao mwisho kabla pete haijafika mwisho. Wengine walianza kuongea kama wanaimba. Yeye mwenyewe, nisimfiche, hakujigongea. Akianza kueleza jambo la bodi, jua lilitoka dirisha la kwanza likafika la tatu.

Alikuwa na maneno aliyoyapiga marufuku. La kwanza lilikuwa "wadau".

"Wadau ni nani? Wataje."

"Ni... jamii, Mkurugenzi."

"Jamii ana namba ya simu?"

Hapo mtu alilazimika kuwataja: mama Kulwa anayetupikia, mzee wa pale gereji anayetuazima ngazi, mwalimu wa kwaya ya pili tuliyegombana naye. Alisema ukishawataja kwa majina, unaona aibu kuwasahau.

Mara moja alitupeleka Bujora kutazama ngoma. Kule vikundi viwili hupiga kwa wakati mmoja, vikielekeana, na watu ndio wanaohama. Kikundi kikinoga, umati unakimbilia huko. Kikipoa, wanakiacha na vumbi lake. Hakuna jaji mwenye meza. Sisi tulitazama wachezaji. Yeye aliwapa mgongo wachezaji, akatazama miguu ya watazamaji.

Kikundi kimoja kilikuwa kinaachwa. Manju wao, yule mzee anayeongoza nyimbo, akanyamaza ghafla. Akampa wimbo kijana mmoja wa nyuma, yeye akarudi mstarini na kuitikia kama wengine. Umati ukaanza kurudi. Mkurugenzi akanifinya mkono mpaka ukaacha alama.

"Umeona? Umeona alichofanya yule mzee?"

"Nilikuwa naangalia chatu," nikasema. Mchezaji mmoja alikuwa amemvaa chatu shingoni.

"Wote mnaangalia chatu!" akafoka, na mama mmoja aliyekuwa karibu akacheka mpaka akamshusha mtoto mgongoni. "Mayu, na wewe uliangalia nini?" yule mama akamwuliza, akimwita mama kwa Kisukuma. "Sisi chatu ndiye tuliyekuja kumwona!"

Jioni tukaanza safari ya kurudi. Tulipofika Kisesa akasema peke yake, "Basi chatu naye ana kazi yake."

Lakini mtu huyuhuyu, aliyewafundisha viongozi wa miji minne kuachia, alikuwa na ufunguo mmoja tu wa ukumbi, na ulikaa shingoni mwake kwenye kamba ya kiatu. Hakumpa mtu. Alipoumwa malaria tulikaa juu ya mawe tunasubiri kama kunguru. Masanja akaenda kusimama chini ya dirisha lake. "Mkurugenzi, tupe tu ufunguo, wewe lala!"

"Nakuja!"

Akaja na sweta mbili na shuka la Kimasai, meno yanagongana, akafungua, akakaa nyuma kwenye benchi anatetemeka mpaka tukamaliza mazoezi, akafunga. Nilipomsimulia mama, alikata uzi kwa meno kwanza, ndipo akasema, "Huyo anafundisha watu kuogelea, yeye mwenyewe hajashuka kwenye mtumbwi."

Sasa nieleze mtihani wa ukuta, maana bila huo hujamjua.

Kozi yake haikuwa na mtihani wa karatasi. Siku ya mwisho, kiongozi alikuja na kikundi chake chote. Wakianza kuimba au kupiga, Mkurugenzi alimwashiria kiongozi atoke. Kiongozi alizunguka nyuma ya ukumbi, kwenye uchochoro kati ya ukuta na jiwe, akakaa kwenye kreti la soda lililopinduliwa, na kusikiliza. Kama kikundi kikiendelea hadi mwisho, umefaulu. Kikisimama, rudi mwakani.

Mwalimu mmoja wa kwaya, baba mwenye sauti nene na suti ya kahawia, alitoka huku anajiamini. Ubeti wa pili kwaya yake ikayumba, kisha kimya. Alirudi jasho linamtiririka. "Wameninyamazia," akasema.

"Hawajakunyamazia, baba. Ulikuwa umewabeba mgongoni. Umewashusha, miguu imekufa ganzi."

Kulikuwa na mama mwingine, kiongozi wa kikundi cha maigizo cha Mkuyuni, ambaye kikundi chake kilichangamka zaidi alipotoka. Alirudi amevimba. Alikuwa amefaulu, lakini hakuongea na wenzake hadi kesho yake. Mkurugenzi alimfuata nyumbani na ndizi, wakakaa barazani mpaka akacheka.

Mwaka jana bendi ya vijana ilinichagua mwenyekiti. Usishangae. Masanja alitaka, Neema mpiga ngoma kubwa alitaka, na kambi zao zilikuwa sawa. Basi wakamchagua ambaye hagombani na mtu. Kazi niliifanya. Nilipanga ratiba, niliwafuata wasiokuja, niliwasuluhisha watu mmoja mmoja pembeni, kwa sauti ndogo. Mbele ya wote sikuwahi kusema zaidi ya "karibuni" na "asanteni".

Siku ya mtihani wangu, Mkurugenzi alinikonyeza, nikatoka. Nikakaa kwenye kreti, moyo unapiga kuliko ngoma ya Neema. Walipiga wimbo mzima. Wakapiga na wa pili, ambao haukuwa kwenye mpango. Nikarudi nimejaa furaha. Mkurugenzi akawauliza, "Mwenyekiti wenu alipotoka, mlijisikiaje?"

Wakatazamana. Masanja akasema, "Kwani alitoka?"

Walicheka sana. Mimi nilijaribu kucheka, nikashindwa, nikaenda kupangusa tarumbeta ambalo lilikuwa limeshapanguswa. Mkurugenzi hakucheka. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa sheria yangu umefaulu kuliko wote," akaniambia baadaye. "Kwa macho yangu umefeli. Kuna mmoja wetu ana kosa, mimi au ukuta. Niache nifikiri."

Alifikiri kwa miezi. Tukikutana njiani, badala ya salamu ananiambia, "Bado nafikiri." Hilo ndilo ninalompendea. Walimu wengi ninaowajua, swali likiwashinda, kosa linakuwa la mwanafunzi.

Kuhusu tarumbeta lake. Lilikaa kabatini limefungwa kwa kanga, na hakuwahi kulipiga mbele yetu. Kila darasa jipya lilimwuliza, na kila darasa lilipewa jibu lilelile: "Nikipiga mimi, mtanisikiliza mimi. Mkinisikiliza mimi, hamtasikilizana." Watu walitikisa vichwa, wengine waliandika. Mimi sikuridhika. Nilikuwa nimemwona akilipaka mafuta, vidole vinabonyeza vile vitufe vitatu bila kutoa sauti, wimbo mzima, macho amefumba. Mtu anayefanya hivyo hajaacha.

Basi ikaja Ijumaa ya kuondoka kwake. Meli ya Bukoba ilikuwa jioni hiyo. Mchana alifungua ukumbi, akatuambia, "Kikao ni chenu. Jambo ni moja: vyombo vilale wapi, na nani awajibike. Mimi naenda kufunga mizigo." Akatoka.

Masanja akasimama kabla mlango haujatulia. Alisema vyombo vilale kwao, kwa sababu baba yake ana geti na mbwa. Neema akasema geti hilo litamfungia nani, maana wasichana hawawezi kwenda kwao kila siku, watasemwa. Masanja akasema, "Nani ana muda wa kuwasema?" Neema akasema, "Mama yako!" Hapo ikawa vurugu. Huyu anashika tarumbeta anasema basi la kwangu naondoka nalo, huyu anasema Sengerema wapewe tu tupumzike. Mimi mwenyekiti nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikatoka nje nipumue, na kama kawaida hakuna aliyeniona.

Nikazunguka nyuma. Kwenye kreti, kati ya ukuta na jiwe, alikuwa amekaa Mkurugenzi. Sanduku lake la safari lilikuwa miguuni, na tarumbeta, limefungwa kwa kanga, mapajani. Ufunguo ameushika kwa mikono miwili, kamba yake ikining'inia.

"Shikamoo," nikanong'ona.

"Marahaba. Keti." Akanisogezea nusu ya kreti. Kupitia ukutani tulimsikia Masanja anapaza sauti. "Nikiingia sasa hivi," akasema, "wananyamaza wote. Vyombo vinabaki, kila mtu anafurahi. Na mimi nimefeli."

"Usipoingia?"

"Nitapanda meli sijui." Alikuwa anapumua kwa shida, kama mtu anayejizuia kukohoa kanisani. Nilitaka kumshika mkono lakini sikuthubutu. Kisha akaniuliza, "Bado unataka kujua kwa nini sipigi?"

Nikaitikia.

Akainua kidole, akagonga meno yake ya mbele. Yakatoa mlio wa kikombe. "Haya si yangu. Ya kwangu yaliondoka siku nyingi. Nikipuliza, yanatoka na pumzi."

Nilijitahidi nisicheke. Yeye akaanza, kimyakimya, mabega yanatikisika, na mimi nikafuata, tumefunika midomo, huku ndani bendi inavunjika.

"Na yale ya kusikilizana?"

"Ni ya kweli pia. Lakini meno yalitangulia." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Sikiliza, ng'wanone, mwanangu. Nimelipata jibu lako. Ukuta hauna kosa, ila wewe nilikupa mtihani wa upande usio wako. Watu wengine inabidi wajifunze kutoka. Wewe kutoka unakujua tangu tumboni. Mtihani wako ni kuingia."

"Nitasema nini?"

"Sijui. Mimi nimeshatoka."

Akanipa ufunguo. Ulikuwa wa moto kwa jasho lake. Alipoachia kamba, vidole vyake vilibaki vimekunjwa vilevile, kama bado vimeshika.

Niliingia. Hakuna aliyegeuka. Nikaenda kwenye meza yake, nikaanza kugonga kwa ufunguo, taratibu, kama pete. Mapigo ya kwanza hayakusikika. Kisha Neema, ambaye masikio yake ni ya ngoma, akanyamaza. Halafu mwingine. Masanja alikuwa amesimama katikati anaongea, na bila kujua, maneno yake yakaanza kuifuata meza. Yakafika mwisho, akabaki mdomo wazi.

"Umemaliza mapigo yako, Masanja," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Neema, yako."

Tukazunguka hivyo, kila mtu na zamu yake. Zamu yangu ilipofika nikajigongea mwenyewe, sikutaka kufanya kama yeye. Nikasema vyombo visilale kwa mtu yeyote, hata mwenye geti, kwa sababu tunajua bendi iliyolala chumbani kwa mtu ilivyoamka. Vibaki ukumbini. Wakanyoosha mikono. Masanja alinyoosha wa mwisho, nusu, kama anajikuna.

Nilitoka mbio kwenda kumwambia. Kreti lilikuwa tupu. Kwenye vumbi kulikuwa na alama ya sanduku lililoburutwa kuelekea barabarani. Sijui alisikia mpaka wapi. Nimejiambia alisikia mpaka "Neema, yako", na kwamba hapo ndipo aliponyanyuka.

Asubuhi yake niliamka kabla ya mama, nikaenda Mkuyuni kwa fundi wa funguo. Alikuwa ndiyo kwanza anatandaza vitu vyake. Akaugeuza ufunguo, akautazama ulivyolika.

"Umepoteza mwenzake?"

"Hakuwahi kuwa na mwenzake," nikasema. "Nichongee mbili."

Mmoja nilimpa Neema. Mwingine nikampelekea Masanja, getini kwao, mbwa anabweka. Akaupokea.

"Kwa hiyo unaniamini mimi?"

"Hapana," nikasema. "Ndiyo maana Neema naye anao."

Alicheka, akauvaa shingoni. Nikamwambia mazoezi yaanze saa ileile, nisisubiriwe. Kisha nikatangulia Igogo kwa njia ya mawe, nikazunguka nyuma ya ukumbi, nikakaa kwenye kreti, nikasubiri kusikia nani atafungua.